Maswali ya wasomaji: Sakafu ya mbao kwenye nyumba ya kupanga, New York

SWALI: Nimehamia Brooklyn kwenye jengo la zamani lenye sakafu ya mbao za mwaloni. Mkataba unataka asilimia 80 ya sakafu ifunikwe zulia. Hiyo ni sheria ya jiji? Nina zulia la futi 9 kwa 12, sebule ni futi 12 kwa 15.

JIBU: Si sheria ya jiji, ni sharti la mkataba, lakini umeshatia sahihi, kwa hiyo linakubana. Sababu yake ni kelele: sakafu ya mbao tupu humfikishia jirani wa chini kila kishindo cha kisigino. Mara nyingi jiko na bafu havihesabiwi, ila soma mkataba wako wewe, usitegemee wa jirani.

Sebule yako ina futi za mraba 180, na asilimia 80 yake ni 144. Zulia ulilonalo ni 108, yaani asilimia 60 tu. Tafuta jingine jembamba la futi 3 kwa 12 ulilaze ubavuni mwake: 144 kamili. Kwa kawaida hakuna anayekuja kupima mpaka jirani alalamike, na akishalalamika ni vizuri uwe na hesabu yako tayari.

Chini ya zulia weka tabaka la felti (kitambaa kizito cha nyuzi zilizoshindiliwa) la unene wa robo inchi hivi. Hilo ndilo humeza sauti hasa. Usinunue lenye mgongo wa mpira. Mpira hushikana na vanishi na kuacha madoa ya manjano yasiyotoka kwa sabuni. Na kama sakafu imepakwa vanishi ya mafuta karibuni, subiri angalau wiki mbili kabla ya kutandika, mwezi ni bora zaidi. Harufu huisha mapema kuliko vanishi inavyokomaa.

SWALI: Mimi niko Bronx. Tangu Desemba mianya imejitokeza kati ya mbao, hata sarafu inaingia. Niizibe? Pia napiga deki kila wiki kwa maji ya moto na siki, lakini sakafu inazidi kufifia.

JIBU: Usizibe. Kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31 mwenye nyumba analazimika kupasha nyumba joto kukiwa na baridi, na joto hilo hukausha hewa. Mbao husinyaa kwa upana, si kwa urefu, ndiyo maana mianya hufuata mstari wa mbao. Kiangazi unyevu ukirudi zitavimba na kukutana tena. Dawa ya kuzibia utakayokuwa umejaza itabanwa na kutokeza juu vipande vipande. Nunua kipima unyevu cha bei nafuu, na unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 washa mashine ya kutia hewa unyevu. Mianya isiyojifunga hata Agosti ndiyo ya kumwandikia mwenye nyumba.

Deki ya ndoo iachie saruji na vigae. Siki ni asidi, hula mng'ao wa vanishi kidogo kidogo, na maji ya moto hupenya kwenye viungo. Fagia kwanza, maana mchanga ndio msasa wenyewe, kisha futa kwa kitambaa kilichokamuliwa hadi kisidondoshe. Unyevu ukikaa zaidi ya dakika moja juu ya mbao, umezidisha maji. Mashine ya mvuke usiiguse kabisa.

SWALI: Chungu cha maua kimeacha doa jeusi sakafuni. Nitapoteza amana?

JIBU: Doa jeupe liko kwenye vanishi tu na mara nyingi hufifia lenyewe. Jeusi limefika kwenye mbao: mwaloni una tanini, kemikali ya asili ya mti, ambayo ikikutana na maji na chuma hugeuka nyeusi kama wino. Kulitoa ni kupiga msasa, kung'arisha kwa asidi ya oksaliki na kupaka vanishi upya, kazi ya fundi. Usijaribu bila ruhusa ya maandishi.

Mikwaruzo midogo na vanishi iliyofifia mlangoni ni uchakavu wa kawaida, haikatwi kwenye amana. Doa lako ni uharibifu, hapo hatukufichi. Lakini hulipii sakafu nzima ya chumba kama ni mbao tatu zilizoharibika. Dai hesabu ya fundi. Kwa nyumba nyingi, sheria ya jimbo ya 2019 inaweka kikomo cha amana kuwa kodi ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba ana siku 14 baada ya wewe kuondoka kukuletea orodha ya makato pamoja na salio. Akichelewa, hana tena haki ya kubakiza chochote. Omba pia ukaguzi kabla ya kuhama. Hufanyika kati ya wiki mbili na wiki moja kabla ya mkataba kwisha, nawe hupewa nafasi ya kurekebisha mwenyewe kile alichokiona.