Maswali Yenu: Poka, Magari ya Mbio na Miji ya Kasino

Mwezi huu sijui nani kawaroga, nusu ya meseji zote zinaulizia Las Vegas. Haya, nimechagua manne, mengine yanajirudia.

Shikamoo mhariri. Niko Mwanza, poka nacheza kwenye simu na washkaji na karibu kila siku nawala. Nimesikia Las Vegas kuna mashindano mshindi anaondoka na dola milioni 10. Nikichanga nauli na kiingilio nikaenda nina nafasi kweli au ni bahati nasibu tu? Na si mwisho wa siku kasino ndo lazima ikule?

Marahaba kijana wangu. Naanza na hilo la mwisho maana wengi wanachanganya hapo. Kwenye ruleti unapambana na kasino yenyewe, gurudumu la Marekani lina namba 38 ukihesabu 0 na 00 lakini ukipatia namba moja unalipwa 35 kwa 1, kwahiyo ukikaa muda mrefu utaliwa tu hata uwe na dua ya bibi. Poka haiko hivyo. Pale unakula hela ya wachezaji wenzako na kasino inachukua chake juu juu, haijali kashinda nani.

Sasa angalia hesabu ya hayo mashindano unayoyasema, World Series of Poker, ile fainali kubwa yenyewe. Kiingilio dola 10,000. Mwaka 2024 waliingia watu 10,112, kila mmoja dola 9,300 zake zikaenda kwenye mfuko wa zawadi na 700 zikabaki kwa waandaaji na wafanyakazi, yani mfuko ulizidi milioni 94 na makato yakapita milioni 7. Jonathan Tamayo ndo alibeba hizo milioni 10. Waliolipwa chochote ni 1,517 na wa chini kabisa kapata 15,000. Waliobaki, zaidi ya 8,500, wamerudi mikono mitupu, na humo ndani wamo watu ambao poka ndo kazi yao ya kila siku, hawana nyingine.

Alafu mashindano sio kama mchezo wa kawaida wa hela. Ukiingia unapewa chipu za 60,000 ambazo sio hela, huwezi kuamka katikati ukasema nibadilishieni niende zangu, mpaka ziishe au uzikusanye zote. Na kuna dau la lazima linalozunguka meza, kila baada ya masaa mawili linapanda, kwahiyo ukikaa kimya kusubiri karata mbili za A, zile bora kabisa, zikujie utajikuta umeliwa taratibu bila hata kucheza. Hapo ndo kuzuga kunapoingia, unaweka dau kubwa na karata mbovu ili mwenzako atupe nzuri zake. Kwenye simu na washkaji kuzuga hakufanyi kazi vizuri maana hakuna anayeogopa kupoteza chipu za bure, kila mtu anafuata tu aone. Kwa maoni yangu huo ushindi wako wa kila siku bado haujapimwa, usinichukie.

Najua utaniambia habari ya Chris Moneymaker (ndio, hilo ni jina lake halisi). Mhasibu wa Tennessee, mwaka 2003 aliingia kwenye mchujo wa intaneti (mashindano madogo ya kuwania tiketi) kwa dola 86, akapata tiketi ya fainali hiyohiyo ya Las Vegas, walikuwa 839 pamoja naye, akawapiga wote na kuondoka na milioni 2.5. Mwaka uliofuata wakaja 2,576, na 2006 wakafika 8,773, kila mtu akijiona ndo yeye. Lakini chukua hilo la mchujo, ndo njia ya mtu mwenye akili, hapohapo Las Vegas kuna michujo midogo na mashindano ya kila siku ya kiingilio kidogo, unajua kiwango chako bila kuuza kiwanja. Uwe na miaka 21, na ujue mgeni akishinda Wamarekani wanakata kodi asilimia 30. Waingereza wana mkataba unaowasamehe, sisi hatuna.

Sasa buda. Niko Nairobi, tumebishana kwa gereji na jamaa mpaka tukawekeana soda. Yeye anasema mbio za Las Vegas ni za sports car, mimi nasema ni Formula 1. Nani anunue?

Jamaa anunue. Las Vegas ni Formula 1, magari yenye magurudumu nje, yanapita Strip, ile barabara kuu ya makasino, katikati ya mahoteli kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Na sio mara ya kwanza, 1981 na 1982 walikimbia kwenye maegesho ya hoteli ya Caesars Palace, maegesho kabisa ya magari! Dereva Nelson Piquet alichukua ubingwa wa dunia 1981 pale akiwa hoi kwa joto.

Ila jamaa asife moyo, mji wa kasino wenye magari ya aina yake upo, ni Macau huko China. Pale wanakimbiza GT, yani Porsche, Audi, Mercedes, Ferrari zinazofanana na za barabarani, kwenye barabara zilezile za mji ambazo mbio zimepita tangu 1954 enzi za Wareno. Kona maarufu inaitwa Lisboa, iko ubavuni kwa kasino ya jina hilohilo. Ukipanda juu mlimani kuna kona ya Melco ambapo barabara ina upana wa kama mita saba tu, kupitana marufuku, bendera ya njano iko pale siku zote. Mwaka 2017 gari moja liligonga ukuta huko juu na zaidi ya kumi nyuma yake zikarundikana zikaziba njia, huku dereva Edoardo Mortara yuko mbele anaenda zake, kesho yake akachukua na kombe. Na kioja cha 2016 ndo sitakisahau. Laurens Vanthoor na Audi yake ametoka kupitwa na Porsche ya Kevin Estre, akagusa ukuta, gari likapinduka likateleza kwa paa. Mbio zikasimamishwa zisiendelee tena, na sheria inasema matokeo yanarudishwa nyuma kabla ya ajali, kurudi nyuma nani alikuwa anaongoza? Vanthoor. Mshindi yuko kichwa chini miguu juu.

Poka Macau ipo lakini ni mtoto wa kambo, kule watu wanacheza bakara, mchezo mwingine wa karata, na mji uliipita Las Vegas Strip kwa mapato ya kamari tangu 2006.

Habari kutoka Minneapolis. Ni kweli mwaka 2023 mfuniko wa shimo uliharibu Ferrari kule Las Vegas?

Kweli. Mfuniko wa valvu ya maji ulinyanyuka na Carlos Sainz, dereva wa Ferrari wakati huo, akaugonga kwa chini, mazoezi yakafa baada ya dakika kama nane. Mafundi wakawa wanajaza mchanga na lami kwenye mifuniko mingine, mazoezi ya pili yakaanza saa 8 na nusu usiku na mashabiki washatolewa uwanjani, wenye tiketi ya siku ile tu wakapewa vocha ya dola 200 ya dukani. Sainz wa watu betri imeharibika, wakambadilishia, akaadhibiwa kurudi nafasi kumi nyuma kwa kosa lisilo lake. Hiyo mimi mpaka leo naiita uonevu.

Mhariri, mume wangu anasema hawezi kwenda ibada ya kwanza Jumapili kwa sababu ya mbio za Las Vegas, wakati mimi najua kule ni Jumamosi usiku. Ananidanganya? Mama Watoto, Dodoma.

Hapana mama, hajakudanganya. 2023 na 2024 zilianza saa 4 usiku Jumamosi kwao, kwetu ni saa 3 asubuhi Jumapili. 2025 wakasogeza hadi saa 2 usiku, kwahiyo saa 1 asubuhi yuko kwenye TV, na ndugu zetu wa Lubumbashi saa 12 kamili washaamka. Ila mbio zenyewe ni kama saa moja na nusu tu, ibada ya pili hana sababu.