Domeni ya kampuni yako imeandikwa jina la nani?

Nimehudumia kampuni za utalii, shule na maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Arusha na kule Moshi, na hasara kubwa nilizoziona kwenye kompyuta zao nyingi zilianzia kwenye maneno ya bosi mwenye haraka: "Shughulikia wewe, nitakurudishia." Kijana wa kompyuta anatakiwa kulipia domeni, yaani jina la tovuti mtandaoni. Bosi hana kadi inayokubali malipo ya nje, au anayo lakini anaogopa kuitoa. Basi kijana analipa kwa kadi ya kwenye simu yake, anajaza jina lake, namba yake na barua pepe yake. Tovuti inapanda hewani, watu wanapongezana. Miaka inapita, kijana anapata kazi Dar es Salaam, anabadilisha laini, na ujumbe wa kukumbusha kwamba domeni inakaribia kuisha unaingia kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua.

Hapo hakuna aliyeiba kitu. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wenye biashara hukimbilia kumlaumu fundi, na wengi wa vijana hawa ni waaminifu kabisa. Lakini bosi huyo huyo asingekubali hati ya kiwanja chake iandikwe jina la fundi aliyemjengea nyumba.

Domeni ikiisha, tovuti haizimiki peke yake. Barua pepe zote zinazoitegemea zinakatika nayo. Kwa kampuni ya safari, hilo likitokea Juni msimu mkubwa unapoanza, wageni wanaandika kuulizia nafasi na barua zao zinawarudia. Wanahamia kampuni nyingine siku hiyo hiyo. Domeni ya .com ikishapitiliza muda wa nyongeza huingia kwenye kipindi cha siku 30 ambacho mwenyewe anaweza kuikomboa kwa ada iliyo juu zaidi. Baada ya hapo inafutwa, na yeyote duniani anaweza kuisajili.

Kwa hiyo tafuta leo domeni yako kwenye WHOIS, huduma ya mtandaoni inayoonyesha taarifa za usajili wa domeni. Kama inaishia na .co.tz, tumia ile ya tzNIC, wasimamizi wa domeni za .tz. Jina la mmiliki liwe la kampuni, kama lilivyo kwenye cheti cha BRELA. Barua pepe ya usajili isiwe ya domeni hiyo hiyo, maana siku ikizimika utakosa hata taarifa za kuiokoa. Fungua Gmail ya kampuni kwa kazi hiyo tu, uiunganishe na laini iliyosajiliwa kwa jina la kampuni, na nywila yake waijue watu wawili, wewe ukiwa mmojawapo. Kisha fuatilia vivyo hivyo akaunti kuu ya barua pepe, ukurasa wa Instagram, programu ya uhasibu na ruta. Ziandike kwenye karatasi, uifungie kwenye sefu.

Jambo la pili linaniuma zaidi, kwa sababu nimeona watu wakilia. Kampuni moja ya hapa mjini ilimtumia mgeni wake ankara halali. Siku chache baadaye mgeni akapokea barua nyingine yenye nembo ile ile na lugha ile ile, ikimwambia akaunti ya benki imebadilika. Akalipa, na pesa hazikufika Arusha. Mtu alikuwa ameshaingia kwenye barua pepe ya mhasibu, akaweka kanuni ya kujitumia nakala ya kila ujumbe, akatulia akisoma mpaka ilipopita ankara nono. Mwenye kampuni akawapeleka wageni Serengeti na Ngorongoro kwa pesa zake, ada za hifadhi zikiwemo, ili asipoteze jina.

Kinga yake haina gharama kubwa. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na namba ya siri ya kwenye simu, kwenye barua pepe ya kila anayegusa pesa, bila kumwonea aibu mtu, hata kama ni shemeji yako. Mwambie fundi aonyeshe kama kuna kanuni za kusambaza barua ambazo ninyi hamkuziweka. Andika kwenye kila ankara kwamba akaunti yenu ya benki haibadilishwi kwa barua pepe, na mgeni akiona ujumbe wa namna hiyo apige simu kwanza, kwa namba aliyoipata mwanzo.

Nakala za mafaili nazo. Wengi huniambia wanazo, na nikiuliza ziko wapi wananionyesha diski ya nje iliyochomekwa kwenye kompyuta mwaka mzima. Vikiingia virusi vinavyofunga mafaili na kudai pesa, diski hiyo inafungwa pamoja na kompyuta. Nakala moja lazima ikae nje ya jengo, haijachomekwa popote. Na jaribuni kuirudisha: chagueni faili la miezi sita iliyopita, mlifungue kwenye kompyuta nyingine. Kwa mhasibu hili ni suala la sheria pia, maana kumbukumbu za kodi zinatakiwa kutunzwa miaka 5, na TRA wakizihitaji hawatapokea habari za diski iliyoungua.

Kuna tabia ya kuzima masasisho ya Windows ili kuokoa bando. Naielewa, lakini WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili na kudai pesa, kilipopita duniani Mei 2017, Microsoft walikuwa wameshatoa marekebisho tangu Machi. Kompyuta zisizosasishwa ndizo zilizoumia. Kompyuta za mtumba mimi sizipingi hata kidogo. Mashine ya ofisi iliyotumika, ikiwekwa SSD, ile diski ya kasi, mara nyingi inaishinda laptopu mpya ya bei ya chini. Ila Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji hilo, na asipojua ondoka. UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, kwenye kompyuta ya mhasibu sidhani kama ni ya kujadiliwa, kwa jinsi umeme unavyokatika na kurudi.

Kampuni za utalii pia zisambaze pasipoti za wageni kwa uangalifu. Picha zake huzagaa kwenye makundi ya WhatsApp ya madereva hadi msimu unaofuata, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilishaanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023.

Kazi hii ipangieni Aprili na Mei, masika yanapopunguza wageni. Shule zingoje likizo. Anzeni na domeni, kisha barua pepe, kisha nakala. Mlipe fundi kwa kazi hiyo kando na malipo yake ya kila mwezi, na umwambie mapema kwamba mwishoni kutakuwa na karatasi ya makabidhiano ya kusaini, yenye kila akaunti na anayeishika. Akishasaini, badilisheni nywila zote mkiwa wote mmekaa mezani.