Renjifainda ya Dijitali kwa Bei Nafuu: Je, Inafaa Kuisubiri?

SWALI: Ndugu Mhariri, nakusalimu. Marehemu babu yangu, aliyekuwa na studio ya picha hapa Tanga, aliniachia kamera ya Kirusi aina ya Zorki 4 pamoja na lenzi yake ya Jupiter-8. Nimezoea kulenga kwa kuzikutanisha taswira mbili ndani ya kitundu cha kuchungulia, lakini filamu zimekuwa adimu, na kuzisafisha ni gharama. Je, kuna dalili kwamba kampuni yoyote itatoa kamera ya dijitali ya namna hiyo ambayo mtu wa kipato cha kawaida ataimudu? Nisubiri, au ninunue kitu kingine? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, usisubiri. Renjifainda halisi ya dijitali, yaani kamera ya kulenga kwa kukutanisha taswira mbili kama Zorki yako, haijawahi kuwa ya bei rahisi tangu ya kwanza ilipotoka, na sababu zilizoifanya iwe ghali hazijaondoka.

Hiyo ya kwanza ilikuwa Epson R-D1 ya mwaka 2004, iliyouzwa kwa takriban dola 3,000 za Marekani ikiwa na megapikseli 6 tu. Leica, kampuni ya Ujerumani, ikafuata na M8 mwaka 2006, na M11 ya mwaka 2022 ilianza kuuzwa karibu dola 9,000. Wafaransa wa Pixii, walioko Besançon, wamejaribu njia yao wenyewe, lakini kamera yao nayo ni ya maelfu ya dola.

Gharama inatokana na jambo lile lile unalolipenda. Taswira ya pili, inayoingia kupitia kidirisha kidogo cha mbele ya kamera, husogezwa na mkono mdogo wa chuma unaogusa nyuma ya lenzi na kufuata kila mzunguko wake, na kosa la sehemu ndogo ya milimita latosha kuifanya picha iwe na ukungu. Kazi ya kuurekebisha mkono huo haifanywi na programu. Hufanywa na fundi, kamera moja baada ya nyingine. Zaidi ya hayo, lenzi za aina hii hukaa karibu sana na kihisi, yaani kifaa kinachopokea picha badala ya filamu, hivyo miale ya mwanga huzifikia pembe zake kwa mshazari, na kihisi cha kawaida huonyesha udhaifu hapo kisipotengenezwa mahususi.

Utauliza, basi mbona Yashica Electro 35 na Canonet za miaka ya 1960 zilikuwa nafuu? Zilikuwa na lenzi isiyobanduka, na ziliuzwa kwa wingi mno, hata gharama ya kila moja ikashuka. Wingi huo ndio uliokosekana leo. Mwaka 2010 watengenezaji walisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 121 duniani. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8, kwa kuwa simu ilikwisha kuwachukua wanunuzi wa kamera ndogo. Mtengenezaji atakayebuni renjifainda sasa itambidi awabebeshe gharama zote wanunuzi wachache.

Wapo watakaokuambia kwamba soko limefufuka, wakikuonyesha Fujifilm X100V ya mwaka 2020, ambayo umaarufu wa TikTok uliifanya iliyotumika iuzwe kwa bei kubwa kuliko mpya. Ni kweli, lakini wengi wa wanunuzi wale walitaka umbo, yaani kamera bapa yenye kitundu pembeni na vitufe vya kuzungusha, wala hawajawahi kulinganisha taswira mbili maishani mwao. Kampuni inayowapa umbo hilo pamoja na ulengaji wa kujiendesha imekwisha kuwaridhisha. Hata Leica, mnamo Oktoba 2025, ilitoa M EV1 isiyo na mfumo wa renjifainda kabisa, ingawa bei yake bado ilikaribia dola 9,000. Kwa hiyo tusidhani kwamba kuondoa mkono ule wa chuma pekee huteremsha bei pale jina linapolipiwa.

Kama kuna atakayetushangaza, nadhani atatoka China, ambako TTArtisan na 7Artisans wamekwisha kutengeneza lenzi nafuu zinazoingia kwenye Leica. Hata hivyo, lenzi ni jambo moja na mwili wa kamera ni jambo jingine.

Kwa hali yako ningetafuta Fujifilm X-E2 iliyotumika, ya mwaka 2013. Ina megapikseli 16, kitundu chake kiko pembeni kama cha Zorki, na ina njia ya kulenga inayoikata taswira vipande ambavyo wewe huviunganisha kwa kuzungusha lenzi. Hakuna kitu cha bei hiyo kinachokaribia zaidi mazoea yako. Sony a6000 pia ni nzuri, ila yenyewe hukuonyesha kingo zilizolengwa kwa rangi. Kwa zote mbili, Jupiter-8 yako ya milimita 50 itaona kama ya milimita 75, yaani eneo dogo zaidi, jambo linalofaa kwa picha za sura kuliko za harusi ukumbini.

Lenzi itashikizwa kwa pete ya kuunganishia, na hapo uwe mwangalifu. Lenzi yako ina uzi wa M39, yaani skrubu yenye kipenyo cha milimita 39, lakini kamera za zamani za Zenit nazo zilitumia uzi wa M39 huku lenzi zao zikikaa milimita 45.2 kutoka kwenye filamu, ilhali yako hukaa milimita 28.8. Muuzaji akikupa pete ya Zenit, lenzi itaingia bila tatizo, lakini utaweza kupiga vitu vilivyo karibu kabisa tu, na vya mbali vyote vitakuwa ukungu.