Kadette na Pinotage za Kanonkop: linganisha hivi

Mkuu, umeuliza kama Kadette na Pinotage za Kanonkop, shamba la mvinyo la Stellenbosch, Afrika Kusini, ni mvinyo uleule wenye lebo tofauti. Hapana kabisa. Kadette nyekundu iitwayo Cape Blend ni mchanganyiko wa aina kadhaa za zabibu, hasa Pinotage, Cabernet Sauvignon na Merlot, na hutengenezwa inyweke mapema. Pinotage ni zabibu ya aina moja na inavumilia kutunzwa miaka mingi. Kuna pia Pinotage iitwayo Black Label, ya mizabibu iliyopandwa 1953, ila bei yake inatisha.

Ukilinganisha, badilisha kitu kimoja tu. Ukiweka Kadette ya 2014 kando ya Pinotage ya 2015, hutajua tofauti imeletwa na zabibu au na mwaka wa mavuno. Na miaka hiyo haifanani: 2014 ulikuwa wa ubaridi na unyevu, mvinyo ukatoka mwepesi, 2015 ulikuwa mkavu, mavuno yakawahi, mvinyo ukatoka mzito. Ningeanza na Pinotage ya miaka hiyo miwili, glasi zinazofanana, joto la nyuzi 16 za Selsiasi hivi. Onja, kisha ziache nusu saa. Ule ukakasi unaobana fizi hulegea, na ladha ya plamu hujitokeza. Kadette ifungue siku nyingine, kwa chakula.