Mtoto wangu alimfariji mwenzake, mwenzake akakasirika

Swali: Bwana asifiwe, mchungaji. Binti yangu yuko gredi ya nne hapa Umoja. Mwenzake wa dawati moja alifiwa na mama. Aliporudi shuleni baada ya mazishi, binti yangu alimwambia, "Usilie, Mungu alimpenda mama yako zaidi." Yule mtoto akamsukuma, na tangu siku hiyo hawasemezani. Ananiuliza alikosea wapi. Nimjibu nini?

Jibu: Bwana asifiwe sana, mama. Kwanza mwambie unajua hakuwa na nia mbaya. Maneno yale aliyaokota kwetu wakubwa, kwenye matanga. Mimi mwenyewe nimeyatamka kando ya kaburi zaidi ya mara moja, na katika Biblia siyaoni. Hebu yasikilize kwa sikio la mtoto wa miaka tisa: Mungu amemchukua mama yangu kwa sababu anampenda kuliko ninavyompenda mimi. Nani asingesukuma?

Msomee Ayubu 2:13. Marafiki watatu walikaa chini na Ayubu siku 7, mchana na usiku, bila kumwambia neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Hapo walifaa. Waliharibu walipoanza kufafanua. Kisha mfungulie Yohana 11. Yesu alijua kwamba punde tu Lazaro atatoka kaburini, lakini alipomwona Mariamu, dada yake Lazaro, analia hakumnyamazisha. Akalia machozi.

Sasa, mtoto hawezi kukaa kimya siku saba, na kengele ya darasa haingoji. Mfundishe neno moja tu, "Pole," halafu mikono ifanye kazi. Amnakilie hesabu zilizompita wiki ya mazishi. Ukimfungia chapati na ndengu, ongeza chapati moja, naye aisogeze bila kutangaza. Mwenzake akitaka kucheza mchezo wa kati, wacheze na wacheke. Mtoto aliyefiwa hucheka pia, asimshangae. Na lile la kumwombea lifanyike nyumbani, usiku, kwa jina. Kumshikia maombi mbele ya darasa zima ni kumwaibisha.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi husahau. Msamaria wa Luka 10 alimfunga majeraha mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, akampeleka nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, akamwachia mwenye nyumba amtunze. Hakumbeba mgongoni safari yote. Mwenzake akimnong'onezea kwamba sasa analala njaa, au anapigwa huko anakoishi, binti yako asiitunze siri hiyo. Aje kwako, nawe umwone mwalimu wa darasa. Namba ya simu ya kuwasaidia watoto hapa Kenya, 116, hupigwa bure.

Kuhusu Jumatatu, akirudi shuleni: aende amwambie, "Nilisema vibaya, nisamehe," basi, asijieleze. Akikataliwa asing'ang'anie. Ila asihame dawati.