Wadogo zangu wa benchi la usugu wa dawa za VVU, virusi vyetu si aina ndogo B

Wiki hii nimerudisha tena ripoti zilizokuwa zinasubiri saini tu. Makosa ni yale yale ya waliokuja fildi mwaka jana. Kuchuja RNA mnajua, mikono imetulia, ila mkifika kwenye kusoma mfuatano wa herufi za vinasaba vya kirusi mnasoma kana kwamba wagonjwa wetu wote wanaishi Paris. HXB2, mfuatano wa VVU tunaolinganisha nao, ni wa aina ndogo B, na ulitoka Ufaransa. Kazi yake kwetu ni kutupa namba za nafasi, basi. Watu wa CTC zetu, kliniki za VVU, wana A1, C, D na michanganyiko yake. Naandika ili msome kabla hamjashika pipeti Jumatatu.

1. Kutofautiana na HXB2 si usugu. Kuna aliyepigia mstari M36I (asidi amino M ya nafasi ya 36 imegeuka I), H69K na L89M kwenye proteasi, kimeng'enya cha kirusi, akaandika kwamba atazanaviri, dawa inayokizuia, ina mashaka. Jamani! Hayo ni maumbile ya kawaida ya virusi visivyo B. Mtu ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha ARV anaweza kuwa nayo yote matatu. Msihesabu tofauti, ulizeni ni ipi inayojulikana kupunguza nguvu ya dawa.

2. Hata hivyo, asili ya kirusi ina neno lake, na hapa naomba mtulie kwa sababu ndipo penye utamu wa kazi yetu. Kirusi kina herufi karibu 9,700, kimeng'enya chake cha kunakili, RT, hakijisahihishi kinapokosea, na kwa mgonjwa asiyetumia dawa huzaliwa mabilioni ya virusi kila siku. Kwa hiyo badiliko la herufi moja hujaribiwa kila leo, lakini mabadiliko mawili kwa mpigo kwenye kodoni moja, yaani herufi tatu zinazotaja asidi amino moja, ni adimu. Sasa tazameni kodoni ya 106 ya RT. Kwenye B kwa kawaida ni GTA, kwenye C ni GTG. Zote mbili ni valini, protini haioni tofauti. Ila ili ifike kwenye ATG, yaani methionini, C inahitaji kubadilisha herufi moja na B mbili. Ndiyo maana chini ya dawa ya efavirenzi V106M huonekana sana kwa wenye C, na kwa wenye B ni nadra. K65R nayo hujitokeza kwa wepesi zaidi kwenye C chini ya dawa ya tenofoviri, kwa sababu ya mpangilio wa herufi zinazoizunguka kodoni hiyo.

Na hili haliishii kwenye karatasi. Utafiti wa HIVNET 012 wa Kampala, uliochapishwa 1999, ulionyesha kuwa dozi moja ya nevirapini kwa mama na moja kwa mtoto inapunguza maambukizi ya mtoto karibu nusu. Baadaye akina mama walipopimwa usugu, wenye D walikuwa nao zaidi ya wenye A, na wenye C wa Malawi wakawazidi wote. Dawa ile ile, dozi ile ile.

3. Jeli tupu, pale PCR (kuzidisha vinasaba) isipotoa kitu, haimaanishi sampuli mbovu. Hili linaniuma mpaka leo.

Kuna kipindi maabara niliyokuwa nafanya kazi ilipata mfululizo wa sampuli zisizokubali PCR. Kontroli chanya, sampuli tunayojua itapita, inang'aa, jirani zake zinang'aa, halafu katikati njia moja nyeusi kabisa. Fomu inasema wingi wa virusi ni makumi ya elfu. Tukarudia, ikawa hivyo hivyo. Na kwa kuwa nyingi zilikuwa DBS (matone ya damu yaliyokaushwa kwenye kadi) zilizosafiri kwa basi kutoka wilayani, tukajiridhisha haraka: unyevu, kadi hazikukauka, wale wa kituoni hawajui kufungasha. Tukawa tunaandika "sampuli haifai, tuma nyingine". Kwetu ni sentensi moja. Kwa mama mwenye mtoto ni nauli, siku ya kibarua iliyopotea, na mtoto kuchomwa tena kidole kwa ajili ya jeli nyingine tupu. Huko kliniki, wakisubiri majibu, wakaendelea kumshauri mama kuhusu ufuasi wa dawa, kana kwamba anadanganya.

Hakuna kati yetu aliyeuliza kwa nini sampuli nyingine za basi lile lile zinapita. Mpaka mtaalamu aliyekuja kutukagua alipochukua mifuatano ya eneo letu, akaipanga mistari juu kwa juu, akaweka praima yetu, kile kipande kifupi cha kuanzishia PCR, chini yake. Ilikuwa imechorwa kwa kufuata B. Herufi ya mwisho kabisa kwenye ncha ya 3, pale polimerasi inapoanzia kazi, haikulingana na virusi vingi vya D. Tukaagiza praima yenye herufi mchanganyiko, R mahali pa A au G, tukazitoa sampuli za zamani kwenye friza. Nyingi zikapita. Sampuli ya yule mtoto ilikuwa na M184V na K103N, mabadiliko ya usugu. Mama alikuwa anasema kweli muda wote.

Kwa hiyo mkiona njia nyeusi na wingi wa virusi uko juu, andikeni "PCR haikufaulu", badilisheni praima, halafu ndipo muilaumu kadi. Na mkitoa takwimu za usugu, kumbukeni kwamba zilizofeli si za bahati nasibu.

4. Ya haraka. Ukiona kodoni za kusimama katikati ya mfuatano wa DBS na G nyingi zimegeuka A, M184I iliyo humo usiiamini, ni ya kirusi kilichoharibika. Mgonjwa aliyeacha dawa miezi kadhaa anaweza kuonekana hana M184V wakati imejificha. Mwenye HIV-2, aina ya pili ya VVU, usimtafutie usugu wa nevirapini. Dawa hiyo haimsaidii tangu mwanzo.

5. TLD, kidonge cha tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, haijamaliza kazi yetu. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliripoti usugu wa dolutegraviri wa kati ya asilimia 3.9 na 8.6 kwenye tafiti lilizokusanya, na asilimia 19.6 kwa waliohamishiwa dawa hiyo wakiwa na virusi vingi. Bado napokea kazi ya mgonjwa wa TLD yenye proteasi na RT peke yake! Endesheni integrasi, kimeng'enya kinacholengwa na dolutegraviri, hata kama daktari hakuweka tiki, mtazame nafasi za 118, 148 na 263.

Sindano za kabotegraviri na rilpivirini nazo zimebisha hodi. Aina ndogo A6 ya Urusi ilihusishwa na kushindwa kwa sindano hizo, watu wakaihofia A1 yetu kwa kuwa ni ndugu. Utafiti wa CARES wa Uganda, Kenya na Afrika Kusini ukaonyesha walio wengi, wakiwemo wenye A1, walibaki wamefubaza virusi. Tutajua ya kwetu iwapo tu kisanduku cha aina ndogo kwenye ripoti kimejazwa. Kikiwa wazi, sisaini.