Mkojo Hunitoka Nikipiga Chafya: Je, Nitafute Upasuaji?

SWALI: Nina miaka 36 na nimejifungua watoto wawili kwa njia ya kawaida. Nikipiga chafya au nikiinua mtungi wa maji wa lita 20, mkojo hunitoka. Nimefanya mazoezi ya kubana misuli kwa wiki tatu, lakini bado. Je, nitafute upasuaji? — Msomaji, Kayole

JIBU: Hapana dada, bado ni mapema. Misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayobeba kibofu na kizazi, huchukua muda kupata nguvu. Ndiyo maana miongozo ya matibabu ya Uingereza inataka angalau miezi mitatu ya mazoezi chini ya uangalizi: kubana mara 8 au zaidi, mara tatu kwa siku. Na ushahidi upo. Katika uchambuzi wa mwaka 2018 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, kati ya wanawake wanaovuja wakikohoa au kuinua mzigo, asilimia 56 ya waliofanya mazoezi walisema wamepona. Kwa wasiotibiwa, asilimia 6 tu.

Ila kwanza hakikisha unabana panapofaa, maana hapa ndipo wengi hupotea. Lala chali, kunja magoti, kisha bana kana kwamba unazuia hewa na mkojo kwa pamoja. Makalio na mapaja yatulie, pumzi iendelee. Ingiza kidole kisafi ukeni: kikibanwa na kuvutwa ndani, uko sawa. Kikisukumwa nje, unakamua badala ya kubana, na kukamua huko hukandamiza kibofu, yaani unazidisha tatizo lilelile. Shikilia sekunde 5, legeza sekunde 5. Wiki zikisonga, fikia 10. Kulegeza nako ni zoezi, usikuruke. Usizoee kukatiza mkojo ukiwa chooni, kwa sababu mkojo unaweza kubaki kibofuni bila kuisha.

Kuna jambo la kukufaa leo hii: bana kabla tu ya chafya au ya kunyanyua mtungi, ushikilie hadi umalize. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba wanawake waliojifunza mbinu hii kwa wiki moja walivuja mkojo kidogo zaidi walipokohoa.

Usitumie pesa zako kununua mashine ya kupima mbano. Jaribio la wanawake 600 nchini Uingereza, lililochapishwa mwaka 2020, halikuona faida ya ziada baada ya miaka miwili. Heri pesa hizo zimlipe mtaalamu wa fiziotherapia akukague. Upasuaji tutauzungumzia miezi mitatu ya mazoezi sahihi ikipita bila nafuu. Lakini mkojo ukichuruzika usiku na mchana tangu ujifungue, hiyo huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Mazoezi hayaizibi, nenda hospitali mara moja.

SWALI: Sinywi maji kabla ya kupanda matatu kutoka Rongai, na bado mkojo hunibana ghafla. Kwa nini? — Mama wa watoto watatu

JIBU: Mkojo mzito huweza kukiwasha kibofu, na kukosa maji huleta choo kigumu kinachokikandamiza. Kunywa kidogokidogo, punguza chai na kahawa. Andika kwa siku tatu saa unazokwenda haja ndogo, kisha ahirisha kila safari ya choo kwa dakika 15, ukiongeza taratibu kwa angalau wiki sita. Kabla ya kuanza, pima mkojo na sukari: maambukizi na kisukari huleta dalili hizohizo.